Maswali ya Wasomaji: Watoto kwenye makumbusho ya filamu, Los Angeles

SWALI: Tunaishi San Diego. Likizo hii tunampeleka binti yetu wa miaka 5 na kaka yake wa miaka 11 kwenye Makumbusho ya Filamu ya Academy. Tiketi zinakuwaje, na tuanzie wapi ili watoto wasichoke mapema? Mdogo anaogopa sana wanyama wakali, na tumesikia kuna papa. (Mama wa wawili)

JIBU: Dada, tiketi zinunue mtandaoni kabla hamjatoka nyumbani, maana zinauzwa kwa saa maalumu ya kuingia. Wenye miaka 17 kushuka chini huingia bure, kwa hiyo mtalipa wazazi tu, dola 25 kila mmoja kwa bei ya kawaida. Jumanne makumbusho hufungwa. Siku nyingine hufunguliwa saa 4 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Kwa kuwa mna safari ya karibu kilomita 200 na foleni ya kuingia Los Angeles asubuhi ni nzito, chukueni tiketi ya saa 5. Gari mnaweza kuliacha kwenye maegesho ya Makumbusho ya Magari ya Petersen, ng'ambo ya Wilshire Boulevard. Maegesho hayo ni ya kulipia.

Familia nyingi hukimbilia vitu maarufu kwanza, na hapo ndipo siku inapoharibika. Mtoto akishaona mavazi na sanamu kumi kwenye kabati za vioo, ya kumi na moja haitazami tena. Anzeni na vifaa vya kale vilivyokusanywa na Richard Balzer: fanusi za kutupia picha ukutani, visahani vya kuzungusha, na zoetropu, yaani mapipa yenye nyufa ambayo ukiyazungusha michoro ya ndani huonekana inacheza. Ulizeni mapokezi viko ghorofa gani siku hiyo, kwani maonyesho hubadilishwa. Hapo mtoto anaona kwa macho yake kwamba filamu ni picha zilizotulia zinazopishana upesi. Kisahani cha kuzungusha cha Mbelgiji Joseph Plateau ni cha mwaka 1832, zaidi ya miaka 60 kabla ya ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, kuonyesha filamu zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio, Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Mtoto akilielewa hilo, kila chumba kinachofuata kina maana kwake.

Kuhusu papa: yupo, ananing'inia juu ya ngazi za umeme, urefu wake kama mita 7.6. Mwambie binti yako mapema, mkiwa bado garini, kwamba ni ganda la fibaglasi, halina mashine wala haliwezi kusogea. Akikataa hata hivyo, msimlazimishe, pandeni lifti. Kaka yake mpeni habari kamili. Papa huyo alitolewa kwenye kalibu ileile ya papa wa filamu ya Jaws ya mwaka 1975, na ndiye pekee aliyebaki. Wale watatu wa mitambo waliotumika baharini walisumbuliwa mno na maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji apunguze picha zinazomwonyesha papa na kuacha muziki ufanye kazi ya kutisha.

Saa mbili na nusu zinamtosha mtoto wa miaka 5. Mkizimaliza, vukeni daraja kwenda baraza ya juu ya jengo la duara. Pana hewa, na vilima vya Hollywood vinaonekana. Filamu zinazoonyeshwa kwenye kumbi za makumbusho zina tiketi zake, msidhani zimo kwenye kiingilio.

SWALI: Kwenye makumbusho ya namna hii picha zangu za simu hutoka na ukungu, na kioo kinaonyesha sura yangu. Kwa nini taa ziwe hafifu hivyo? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Mwanga huharibu, na uharibifu wake haurudi nyuma. Rangi ya kitambaa ikishapauka imepauka. Ndiyo maana nguo na karatasi huwekewa mwanga wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni mdogo sana ukilinganisha na wa ofisini. Viatu vyekundu vya filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ni mfano mzuri. Mng'ao wake unatokana na vipande vidogo vya jelatini vilivyopakwa rangi, na jelatini haipatani na mwanga mkali, joto wala unyevu.

Ukungu unatokana na simu kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga, huku mkono ukitikisika. Zima flashi, bana viwiko kifuani, toa pumzi, kisha bonyeza. Gusa kitu chenyewe kwenye skrini na ushushe mwanga kidogo, la sivyo simu itafuata giza la nyuma na kitu kitatoka cheupe. Usikuze kwa vidole. Kwa kioo, usisimame mbele yake moja kwa moja. Sogea pembeni, na hakikisha nyuma yako hakuna skrini inayowaka. Nguo nyeusi husaidia kweli.

SWALI: Tunawezaje kutengeneza zoetropu nyumbani? Yetu inaonyesha michirizi tu. (Baba, Morogoro)

JIBU: Kata ukanda wa kadibodi nyeusi wa sentimita 36 kwa 16, ukiacha sentimita 1 zaidi ya kugundishia. Kwenye nusu ya juu toboa nyufa 12 zilizosimama, kila moja upana wa milimita 3 na urefu wa sentimita 5, zikipishana kwa sentimita 3 kutoka katikati hadi katikati. Uviringishe uwe pipa, uugundishe kwenye duara la kadibodi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 11.5, na uliweke juu ya ncha ya penseli ili lizunguke bila kuyumba. Michoro 12 ichorwe kwenye ukanda mweupe wa sentimita 36 na uwekwe ndani, chini ya nyufa.

Michirizi ina sababu mbili za kawaida. Aidha nyufa ni pana mno, na jicho linaona mchoro ukiwa bado unapita, au unatazama kwa juu badala ya kupitia ufa. Ufa ndio unaolipatia jicho picha moja kwa kitambo kidogo, kisha giza, kisha nyingine. Ukiufanya mwembamba kupita kiasi, picha inakuwa safi lakini nyeusi, basi weka taa juu ya pipa imulike ndani. Na mchoro ukionekana unatembea kuzunguka pipa badala ya kucheza palepale, hesabu upya: idadi ya michoro hailingani na idadi ya nyufa.