Kuchoka baada ya kupandikizwa moyo: kwa aliyeuliza kuhusu kaka yake

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kaka yako aliyepandikizwa moyo huko Uingereza miezi mitatu iliyopita bado anahema akipanda ngazi za nyumbani, ilhali madaktari wamemhakikishia kwamba moyo unafanya kazi vizuri. Mimi pia ninaishi na moyo wa kupandikizwa, na nakuomba usikate tamaa, kwa sababu madaktari wanaweza kuwa sahihi na uchovu huo ukawa wa kweli vilevile.

Moyo unapotolewa kwa mtu mwingine, mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiuunganisha na ubongo hukatwa, na wakati wa kuupandikiza haiungwi tena. Kwa hiyo mtu anapoinuka na kuanza kutembea, moyo haupokei amri ya papo hapo ya kuongeza kasi, bali husubiri adrenalini, yaani homoni inayoharakisha mapigo, iufikie kupitia damu, na hilo huchukua dakika kadhaa. Mapigo yangu nikiwa nimekaa tu hukaribia 100 kwa dakika; nikianza mwendo hupanda taratibu, na nikiacha kutembea huchelewa kushuka. Kaka yako asitoke kitini na kuzikabili ngazi moja kwa moja. Atembee kwanza polepole kwa dakika tano hadi kumi, na akimaliza mazoezi apunguze mwendo kidogo kidogo kabla ya kukaa.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi, ni miguu. Ugonjwa wa muda mrefu hula misuli, kisha prednisoloni tunayopewa ili mwili usiukatae moyo huidhoofisha zaidi, pamoja na mifupa. Mtaalamu wa fiziotherapia aliponitaka niinuke kitini huku nimekunja mikono kifuani, mapaja yalitetemeka na kugoma kabla pumzi haijabadilika. Zoezi hilo dogo, pamoja na kutembea kila siku, ndilo lililonirudishia uwezo wa kuoga bila kusaidiwa na kubeba kikapu changu kutoka sokoni. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni mara nyingi hubaki chini ya ule wa watu wenye afya wa rika letu hata baada ya mazoezi mengi, lakini shughuli za kawaida za nyumbani hazihitaji uwezo wote huo.

Mikono kutetemeka, kama inamsumbua anaposhika kikombe, mara nyingi hutokana na takrolimusi, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiukatae moyo. Amweleze daktari, wala asipunguze dozi mwenyewe.

Hata hivyo, uchovu ukizidi ghafla, miguu ikivimba, uzito ukipanda kwa siku chache, akipata homa au akishindwa kupumua akilala chali, mpigieni simu daktari wake siku hiyohiyo. Msisubiri maumivu ya kifua, kwani kwa kuwa mishipa ya fahamu imekatwa, huenda asiyasikie kabisa hata kama moyo una shida.