Shangazi, chokoleti ya usiku inaniangusha

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 38, na ni mhasibu katika ofisi moja iliyoko Posta, Dar es Salaam. Mwezi wa pili daktari aliniambia kwamba presha yangu imeanza kupanda na kwamba ni lazima nipunguze uzito, ambao wakati huo ulikuwa kilo 90. Siku hiyohiyo niliacha wali, ugali, chapati na soda. Asubuhi ninakunywa maji ya limau, mchana ninakula yai moja la kuchemsha na tango, jioni supu. Kilo sita zimeshaondoka, lakini sasa ni wiki ya saba mizani haisogei, na sababu ninaijua. Kila Ijumaa mume wangu huwaletea watoto chokoleti kubwa tatu au nne. Usiku wakishalala mimi huingia jikoni bila kuwasha taa, nikamaliza moja nzima nikiwa nimesimama, kisha ganda lake nikalificha nyuma ya pipa la unga. Juzi binti yangu wa miaka tisa aliyaona yale maganda, akaniuliza kama nyumbani kuna panya anayekula chokoleti. Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni. Rafiki yangu mmoja ananiambia nile tende badala yake, mwingine anasema chokoleti nyeusi hainenepeshi. Je, niiache kabisa, au kuna kitu cha kuidanganya hamu hii?*

*Panya wa Tabata*

Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa limenichekesha kisha likanisikitisha, kwa sababu panya huingia nyumba ya watu, ilhali wewe unanyata ndani ya jiko lako mwenyewe, ambalo sufuria zake unazijua hata gizani.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiitafuta chokoleti ndani ya tatizo lako, na mara zote mbili macho yangu yameishia kwenye lile yai. Yai moja la kuchemsha lina kalori kama 75, na tango karibu lote ni maji. Mtu aliyeamka alfajiri, akasimama ndani ya daladala kutoka Tabata hadi Posta, akashinda na hesabu za watu mchana kutwa, kisha akarudi kwa foleni ileile akiwa amekula yai moja na tango, hawezi kufika saa nne usiku akiwa na utulivu wa kuchagua. Hiyo unayoiita hamu ya chokoleti, kwa sehemu kubwa, ni njaa ya kawaida kabisa ambayo imekuta nyumba imelala na chokoleti iko karibu. Ungeweka bakuli la visheti pale kwenye friji, nadhani barua yako ingekuwa ya visheti.

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yako. Chokoleti ya maziwa ya gramu 100 ina kalori kama 535. Zaidi ya gramu 50 kati ya hizo 100 ni sukari, na karibu 30 ni mafuta. Anayetaka kupungua kiasi cha nusu kilo kwa wiki kwa kawaida huambiwa apunguze kalori kama 500 kwa siku. Kwa hiyo katika usiku ule unaoingia jikoni, unairudisha akiba yote ya siku hiyo na chenji juu yake. Umejinyima sahani ya wali na maharage saa saba mchana, ambayo ingekushikilia hadi jioni, ukailipia usiku kwa kitu kitamu kisichoshibisha, tena bila hata kukifurahia, maana sijaona mahali popote katika barua yako uliposema kwamba ilikuwa tamu.

Jambo la kwanza ninalokuomba, basi, halihusu chokoleti. Rudi kwa mama ntilie. Mwambie akupimie wali nusu ya ule anaowapimia wengine, maharage yawe mengi, mchicha au kisamvu kijaze nusu ya sahani, na siku ukiwa na nafasi uongeze samaki wa kuchoma au wa kuchemsha badala ya yule aliyezama kwenye mafuta. Maharage yana protini na nyuzinyuzi, nayo hukaa tumboni muda mrefu kuliko tango. Usione haya kuagiza namna hiyo. Mama ntilie amezoea wateja wenye masharti, kuanzia wa sukari hadi wa vidonda vya tumbo, na wengine huwakumbuka kwa masharti yao kabla ya majina yao. Asubuhi nayo usiiache na limau peke yake. Kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha pamoja na yai, lile yai lako la mchana likihamia asubuhi, kinatosha kukufikisha saa saba ukiwa mtu mwenye akili timamu. Wali na ugali havikuwa na kosa la kufukuzwa kabisa. Kosa lilikuwa kwenye wingi wake. Soda ndiyo uliyofanya vema kuifukuza, kwa kuwa chupa moja ya nusu lita huwa na zaidi ya gramu 50 za sukari, na nahisi kwamba sehemu nzuri ya zile kilo sita iliondoka nayo.

Hukuniandikia lolote kuhusu chai, lakini wahasibu ninaowafahamu huendeshwa na chai. Ikiwa unakunywa vikombe vitatu kwa siku na kila kimoja unakitia vijiko vitatu vya sukari, hivyo ni vijiko tisa, yaani gramu kama 36. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikishuka hadi chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 au vijiko sita, ni bora zaidi. Punguza kijiko kimoja kila wiki. Ulimi huzoea, ingawa wiki ya kwanza utaona kama chai imeharibika.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, la kuidanganya hamu. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Michener na Rozin, waliwachukua watu wenye hamu kali ya chokoleti, na kila hamu ilipowashika wakawapa ama chokoleti ya maziwa, ama chokoleti nyeupe, ama vidonge vya unga wa kakao ambavyo havina ladha mdomoni. Chokoleti ya maziwa ilituliza hamu kuliko vyote, ile nyeupe ikaituliza kidogo, na vidonge havikufanya kitu, japokuwa ndani yake mlikuwa na kemikali zilezile za kakao ambazo watu hudai kwamba ndizo mwili unazozililia. Maana yake ni kwamba mdomo ndio unaotaka, harufu ile na ule ulaini wa kuyeyuka, na mdomo haudanganyiki kwa urahisi. Tende ni tunda zuri, nami huzila, lakini tende tatu kubwa zinakaribia kalori 200, na ninavyokufahamu kwa barua hii utazila tende tatu, halafu utaifuata chokoleti palepale ilipo.

Huyo rafiki wa pili naye ana nusu ya ukweli. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 na kuendelea ina sukari pungufu, lakini ina mafuta mengi zaidi, kwa hiyo gramu 100 zake hufika kalori 600 au karibu na hapo, ambazo ni nyingi kuliko za ile ya maziwa. Faida yake iko kwenye uchungu, kwa sababu watu wengi huridhika mapema nayo. Ukibahatika kuipata iliyotengenezwa kwa kakao ya Kyela au ya Kilombero, ijaribu, walau kwa heshima ya mkulima aliyeivundika na kuianika huku nyingi ikisafirishwa nje na kuturudia dukani kwa bei ya kutisha. Usipoipenda, usijilazimishe. Hakuna adhabu uliyopewa unayopaswa kuitumikia kwa kutafuna kitu kichungu.

Kuiacha kabisa sikushauri. Ulishajaribu kuacha vyakula vinne kwa siku moja, ukaona vilivyolipiza kisasi. Tena kuna majaribio yaliyofanywa Uingereza ambapo wanawake walioambiwa wajizuie kuifikiria chokoleti walikula nyingi zaidi baadaye walipowekewa mbele yao kuliko wale ambao hawakupewa amri hiyo. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami huona kwamba hawa wawili hukaa ndani ya mtu mmoja: yule anayeapa Jumamosi asubuhi baada ya chai si yule anayesimama jikoni saa nne usiku, na kiapo cha wa kwanza hakimfungi wa pili.

Kwa hiyo kula, lakini badilisha namna ya kula. Kiasi ninachokupendekezea ni gramu 20, yaani sehemu moja ya tano ya ile kubwa, ambayo ni kalori kama 107 na sukari kama gramu 10 au 11, mara mbili au tatu kwa wiki, na iingie katika hesabu zako za siku kama kitu halali. Kuila mara baada ya chakula ni bora kuliko kuila ukiwa na njaa. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, ndiyo maana chokoleti inakuharibikia ndani ya mkoba hapo Posta, na ndiyo maana pia haihitaji kutafunwa. Itoe kwenye friji dakika kumi kabla, kwa sababu ikiwa baridi sana haitoi harufu, na asiyepata harufu hula akitafuta kile ambacho hajakipata. Kaa kitini, washa taa, weka kipande juu ya ulimi na ukiache. Mimi niliyeandika haya nimewahi kuificha halua ya Tanga nyuma ya makopo ya viungo ili wajukuu wasiione, nikawa ninaichota kwa kidole nikipika, na ninaweza kukuapia kwamba sikumbuki ladha ya halua ile hata kidogo.

Hamu ikikujia ofisini saa tisa au saa kumi alasiri, inuka utembee dakika 15. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliwatengenezea wapenzi wa chokoleti mazingira ya kazi ya ofisini, na wale waliotembea kwa mwendo wa haraka kwa robo saa kabla ya kukaa mezani walikula karibu nusu tu ya chokoleti waliyokula wenzao waliopumzika, gramu kama 15 dhidi ya gramu kama 28. Kutoka ofisini kwako hadi ufukweni na kurudi huhitaji nauli. Na usiku jitahidi ulale mapema, kwani anayelala saa chache huamka na njaa kubwa kuliko ya jana yake.

Kuna jambo moja ninaloliweka pembeni kwa uzito wake. Ikiwa umeanza kula mchana kama inavyopasa, na bado kuna usiku ambapo unakula bila kuweza kujizuia hadi unaumwa tumbo, au umewahi kujitapisha baada ya kula, basi mweleze daktari wako bila kuficha, maana hilo ni gonjwa linalotibika na halihusiani na uchoyo wala udhaifu wa tabia. Hata bila hayo, rudi ukapimwe presha. Kilo sita si haba, na inawezekana zimeshakusaidia bila wewe kujua, kwa kuwa umekuwa ukiitazama mizani peke yake.

Amebaki mume wako, ambaye nahisi hajui lolote. Hajafanya kosa, anawapenda wanawe na hataki kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwambie daktari alisema nini, kama hukumwambia, na umwombe kila Ijumaa alete chokoleti moja tu ya gramu 100 badala ya tatu au nne. Mtakuwa watu wanne mezani, kila mmoja atapata gramu 25, kalori kama 135, zaidi kidogo ya zile gramu 20, na huo ndio uwe mgao wako wa siku hiyo, na baada ya hapo friji itakuwa haina kitu cha kukuita usiku. Watoto hawatapungukiwa na kitu, maana kwa hesabu zako mwenyewe walikuwa hawazipati zote.

Yule binti yako ndiye umpe kazi ya kuimega na kuigawa mafungu manne, na watoto wa miaka tisa hugawa kwa haki ya kutisha, utaona. Akikuuliza tena habari za panya, mwambie panya alikuwa wewe, kwamba ulikuwa na njaa, na kwamba siku hizi unakula mchana.