Maswali na majibu: Unakwenda fildi ya kasa? Soma kwanza

Safu hii ni ya wanaojiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo kwenye miradi ya kuhifadhi kasa katika pwani yetu. Maswali nimeyafupisha, lakini maana yake nimeiacha ilivyo.

Nasomea biashara, si sayansi ya bahari. Nitapokelewa kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Utapokelewa, mradi useme wazi unachokiweza. Miradi hii ina hesabu za kufunga, vipindi vya shule za msingi vya kufundisha na ripoti za kuandikia wafadhili. Mambo ya kasa utafundishwa ukiwa huko huko. Jifunze kuogelea kabla ya kuondoka, na uwe na mwandiko unaosomeka.

Kazi ya usiku ni nini hasa? Picha zote ninazoona ni za watu walioshika watoto wa kasa. (Msomaji, Tanga)

Hizo picha zinakuficha sehemu kubwa ya kazi. Kazi ya usiku ni doria, na doria ni kutembea. Mnafuata mstari ambao maji ya mwisho yalifika, tochi zikiwa zimezimwa au zenye mwanga mwekundu, mkitafuta alama ya kasa aliyepanda pwani. Alama hiyo ina habari nyingi. Kasa wa kawaida, yule mkubwa anayekula majani ya bahari, huvuta mapezi ya mbele yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo alama ya kushoto na ya kulia hulingana. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hutambaa kama mtoto mchanga, upande mmoja kisha mwingine, na alama zake hupishana. Alama ya kupanda bila ya kushuka inamaanisha mwenyewe bado yuko juu. Hapo mnakaa kimya.

Akiwa bado anachimba, msimsogelee, kwa sababu akishtuka hurudi baharini bila kutaga. Akishaanza kutaga hutulia, na hapo ndipo mnapima gamba na kukagua kama ana kibandiko cha chuma kwenye pezi. Kasa wa kawaida hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, hurudi baada ya wiki mbili hivi kutaga tena, na akimaliza msimu hupumzika miaka miwili au zaidi. Kiota kikiwa chini ya mstari wa bamvua, yaani maji makubwa yanapofika, kitafunikwa na maji, na msimamizi anaweza kuamua kihamishwe. Kuhamisha hufanywa ndani ya saa chache tu baada ya kutaga, na yai haligeuzwi: upande uliokuwa juu unabaki juu. Kina na umbo la shimo jipya pia vifuate vya mama. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia, mchanga wa joto zaidi ukitoa majike wengi, kwa hiyo huchagui mahali kwa kuwa tu panakupendeza.

Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka. Siku chache baadaye mnakifukua kiota na kuhesabu maganda matupu, mayai yaliyoharibika na waliokufa ndani. Kunanuka vibaya sana, na hakuna anayepiga picha. Lakini hapo ndipo mradi unapojua kama ulinzi wake unafaa.

Ninalokusihi ni hili: andika kilichopo. Kipimo kikikutia shaka, andika kuwa kina shaka. Usiku mliotembea pwani nzima bila kuona alama nao uandikwe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Bila kumbukumbu za usiku mtupu, hakuna atakayeweza kusema miaka kumi baadaye kama kasa wameongezeka au wamepungua.

Nina miaka 21, wa kike, na wazazi wangu hawataki nikae kisiwani. (Msomaji, Dar es Salaam)

Wazazi wako wanauliza la haki, usiwaone wakorofi. Omba msimamizi azungumze nao kwa simu, naye aeleze utalala kwa nani, utafanya doria na nani, boti ina makoti ya kujiokolea mangapi, na ukiugua usiku mtavukaje. Hakuna anayestahili kufanya doria peke yake, awe wa kike au wa kiume. Ukifika, kabla ya ufukwe nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee, ukapige shikamoo na kujieleza. Vaa kwa heshima, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani. Ukipangiwa kukaa na familia, mama mwenye nyumba ndiye atakayekuwa mlinzi wako mkuu, basi msaidie jikoni. Mtu akikusumbua na mradi ukakuambia uzoee, ondoka siku hiyo hiyo.

Nasikia wavuvi na wanakijiji hulipwa kwa ajili ya kasa. Si ndiyo kuwafundisha watu kutaka hela kwa kila jambo? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, na hapa nina msimamo mkali. Huko Watamu, Kenya, tangu miaka ya mwisho ya 1990, mvuvi aliyenasa kasa kwa bahati mbaya hupiga simu, wahifadhi huenda kumpima na kumwachilia, aliyejeruhiwa akatibiwa. Mvuvi hupewa kitu kidogo. Muda wake umepotea, na wavu wake huenda umechanika. Mafia nako, anayekuta kiota na kukitolea taarifa hupewa malipo, na kiota kikifanikiwa huongezewa. Watalii wanaokwenda kisiwa cha Juani, huko huko Mafia, kuona watoto wakitoka hulipa ada, na sehemu yake hurudi kijijini.

Anayesema hii ni rushwa ajiulize nani anabeba gharama ya uhifadhi. Ni yule aliyekuwa akiuza mayai, na yule mwenye jarife (wavu wa matundu makubwa) aliyeambiwa asiuze alichonasa. Sisi wengine tunapata mshahara au cheti. Unapokwenda fildi, mvuvi ni mwalimu wako. Anajua kasa hupita wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi, na anajua mambo mengi ambayo hayajaandikwa popote. Muulize, kisha umtaje kwenye ripoti yako akikubali.

Mzee wetu anasema amekula kasa maisha yake yote. Nimwambie nini? (Msomaji, Pemba)

Usianze na sheria, ingawa ipo: kasa analindwa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya. Anza na yaliyotokea kwenu. Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Mzee hasemi uongo, kwa kuwa si kila kasa ana sumu, na kwa kumtazama huwezi kumjua mwenye nayo. Kupika hakuiondoi. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa. Mwambie taratibu, wajukuu wakiwepo.

Watoto wa kasa wakitoka, niwabebe kwenye beseni hadi majini? (Mwanafunzi, Zanzibar)

Waache watembee. Fukuza mbwa na kaa, sawazisha nyayo za watu mchangani, na omba hoteli ya jirani izime taa za ufukweni, kwa sababu watoto hufuata upande wenye mwanga zaidi na huishia barabarani. Kuwabeba ni uamuzi wa msimamizi, kwa mfano waliopotea kwa ajili ya taa. Kuwafuga siku kadhaa ili watalii wawaone sikubaliani nako hata kidogo. Nguvu waliyotoka nayo kwenye yai ni ya kuwavusha mawimbi, na huisha wakizungushwa ndani ya ndoo.

Mradi mmoja unanidai ada kubwa ili nijitolee. Ni halali? (Msomaji, Lindi)

Wageni kutoka nje hulipa, na fedha zao huendesha miradi mingi. Wewe uliza kama kuna nafasi za wanafunzi wa nchini, na umwombe mkuu wa idara yako aandike barua. Ukidaiwa tu chakula na malazi, hilo linazungumzika. Ukidaiwa zaidi ya hapo, omba mchanganuo kwa maandishi. Wasipoutoa, tafuta kwingine, au anza na BMU, kikundi cha wanakijiji wanaosimamia uvuvi, ya pwani iliyo karibu nawe.