Gari Linasukuma Pua Nje ya Kona: Ninunue Matairi, Stabilaiza au Shokapu?

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa magari, salaam. Nina gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo hunipeleka kazini kila siku, na ndilo hilo hilo ninaloingia nalo kwenye uwanja wa mbio siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa madereva wa kawaida. Katika kona ndefu gari hukataa kukata: pua husukuma kwenda nje hata nikiongeza usukani, na matairi ya mbele huliwa bega la nje upesi ilhali upande wa ndani bado ni mzima. Fedha niliyo nayo inatosha kitu kimoja kati ya vitatu, yaani seti ya shokapu na springi za kurekebishwa urefu, chuma kinene cha stabilaiza ya nyuma (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale sana kwenye kona), au matairi laini ya mbio yanayoruhusiwa barabarani. Wenzangu wamegawanyika, kila mmoja akisifu alichofunga yeye. Ninunue kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, salaam nawe. Jambo la maana kuliko yote katika barua yako umelitaja kana kwamba ni dogo, nalo ni bega la nje la tairi. Tairi linalolika hivyo linaonyesha kwamba halikanyagi lami kwa upana wake wote wakati wa kona, na hakuna hata kimoja kati ya vitu vyako vitatu ambacho kazi yake ya kwanza ni kutibu hilo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba fedha hizo zisitoke mfukoni mwako kabla hujashughulikia upepo wa matairi na kemba ya magurudumu ya mbele, yaani mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele.

Magari mengi madogo ya aina yako hubebwa mbele na shokapu iliyosimama wima na kushika gurudumu moja kwa moja. Muundo huo ni mwepesi na imara, lakini una udhaifu mmoja mkubwa: bodi inapolala kwenye kona, gurudumu la nje hulala pamoja nayo, hata likasimama juu ya ukingo wake wa nje. Kemba huwekwa kiwandani karibu na wima ili tairi lidumu barabarani. Uwanjani, gari kama lako kwa kawaida huhitaji kichwa cha gurudumu kiinamie ndani kwa nyuzi 2 hadi 3, ili bodi inapolala ndipo tairi likae sawasawa juu ya lami. Katika baadhi ya magari marekebisho hayo hupatikana kwa boliti maalumu zinazoshikilia shokapu, au kwa vikalio vya juu vya shokapu vyenye nafasi ya kusogezwa, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya seti nzima ya shokapu.

Utajuaje umefika kiwango sahihi? Chukua chaki, chora mistari mifupi inayoanzia ukingo wa kashata (uso wa tairi unaokanyaga lami) na kushuka ubavuni mwa tairi, kisha zunguka uwanja kwa mwendo wako wa kawaida. Ukirudi, tazama chaki imefutika hadi wapi: ikiwa imefutika mpaka chini ubavuni, tairi linajikunja mno. Halafu pima joto la kashata katika sehemu tatu, ndani, katikati na nje, mara tu unaposimama, kwa kipimajoto cha sindano kinachoingia kidogo ndani ya mpira, kwa kuwa joto la juu juu hupotea upesi sana. Joto la upande wa ndani likizidi la nje kidogo tu, kemba iko vizuri. Bega la nje likizidi, bado gurudumu linahitaji kuinamishwa. Katikati pakizidi pande zote mbili, upepo ni mwingi; pakipungua, upepo ni mchache. Andika vipimo hivyo kwenye daftari kila unapotoka uwanjani, pamoja na upepo ulioupima tairi likiwa bado moto, kwa sababu upepo hupanda kadiri tairi linavyopata joto na kipimo cha asubuhi hakielezi kinachotokea kwenye kona. Na kama uliupunguza uwanjani, urudishe kabla ya kushika barabara ya kwenda nyumbani.

Jiulize pia pua husukuma wakati gani. Ikiwa ni pale unapoingia tu, huenda unafika kwenye kona kwa kasi iliyozidi, au bado umekanyaga breki kwa nguvu huku ukizungusha usukani, na tairi moja haliwezi kufanya kazi zote mbili kwa ukamilifu. Hilo hurekebishwa na dereva. Ikiwa husukuma katikati ya kona, ukiwa umetulia kwenye mafuta, na kemba na upepo vimekwisha kuwekwa sawa, hapo ndipo chuma cha stabilaiza ya nyuma kinapostahili fedha yako.

Chuma hicho hakiongezi mshiko wa gari. Huhamisha sehemu ya mzigo wa kona kutoka tairi la nje la mbele kwenda la nje la nyuma, na hivyo pua hupata nafuu kwa kuunyang'anya mkia akiba yake. Ugumu wa chuma kisicho na tundu ndani hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo kutoka milimita 20 hadi 22, tofauti ambayo kwa macho huioni, ni ongezeko la takriban asilimia 46. Nunua chenye matundu ya kurekebisha, uanzie kwenye tundu la ulaini wa mwisho, na uwe mwangalifu sana siku ya mvua, kwani ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unaweza kuteleza.

Seti ya shokapu ningeiweka nyuma kabisa. Iliyo nzuri ni nzuri kweli, lakini ya bei rahisi mara nyingi huwa mbaya kuliko shokapu mpya za kiwandani, na wengi wakishaifunga hushusha gari kupita kiasi. Kwa muundo wa gari lako, ukilishusha sana, mikono ya chini inayoshika magurudumu huelekea juu, na bodi hupata nguvu zaidi ya kulala kuliko uliyoipunguza kwa kushusha. Juu ya hayo shokapu hugonga mpira wa kikomo na gari huruka pale unapolihitaji litulie. Matairi laini yatakupunguzia muda wa mzunguko kuliko kitu kingine chochote, ila bega lao nalo litaliwa vivyo hivyo kama kemba haijawekwa, tena kwa hasara kubwa zaidi. Yanunue haya ya sasa yakiisha.

Hukugusia breki, nami siwezi kunyamaza. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Kama hujui yalibadilishwa lini, yabadilishe kabla ya stabilaiza.

SWALI: Nimeshauriwa nifunge chuma kinachopita juu ya injini na kuunganisha vichwa vya shokapu za mbele. Kina faida?

JIBU: Kwa gari lenye bodi ngumu, faida yake ni ndogo kiasi kwamba kipimajoto chako huenda kisiione. Ikiwa gari limetembea sana, kagua kwanza bushi za mikono ya chini: bushi iliyopasuka huliacha gurudumu libadili mwelekeo lenyewe unapokanyaga breki. Ukizibadilisha, pima alaimenti (mpangilio wa magurudumu) upya, na pale kwenye kiti cha dereva pawe na uzito unaolingana na wako.