Kwa anayeanza kutafiti popo nchini Finland

Ndugu unayejiandaa kwa msimu wako wa kwanza, nakuomba usianze na ziwa. Mimi nilianza nalo. Usiku mmoja katikati ya Juni nilikesha kando ya maji yaliyo wazi, kifaa cha kunasia sauti za popo, ambazo sikio la mtu halizisikii, kikiwa mkononi, nisisikie chochote, na asubuhi nikaandika kwamba pale hapana popo. Niliporudi mahali palepale mwezi Agosti, popo wa Daubenton walikuwa wakipita sentimita chache tu juu ya maji, wakizoa wadudu kwa miguu yao mikubwa.

Kilichokuwa kimebadilika ni giza. Usiku wa Juni huko haukolei, na popo anayekatiza mahali peupe kungali na mwanga anaweza kunaswa na ndege wawindaji. Ndiyo maana hujibana chini ya matawi ya misprusi, kwenye vijia vya msituni na vijito vilivyofunikwa na miti, mpaka usiku urefuke. Kituo kimoja kitembelewe mara kadhaa, tangu Juni hadi Agosti, kabla hujaandika sifuri. Ukifika majini, tafuta sehemu iliyotulia, kwa kuwa viwimbi humvurugia popo mwangwi anaoutegemea kuwinda.

Popo wa kaskazini, ambaye huzaliana hata ng'ambo ya Duara la Aktiki, msikilize kwenye kingo za msitu na karibu na taa za barabarani, kifaa kikiwa kimewekwa kwenye masafa ya sauti ya kilohezi 30 hivi. Taa hizohizo, zinazomkusanyia yeye wadudu, humfukuza popo masikio-marefu.

Mchana, zungumza na wenye nyumba, hasa wazee, maana majike hulea watoto darini na nyuma ya mbao za kuta. Ukiona vinyesi vyeusi, vaa glavu uvisage: vya panya ni vigumu, vya popo huvunjika na kuwa unga wenye vipande vinavyometameta vya wadudu. Wakati wa baridi, wanapolala mapangoni na kwenye machimbo ya zamani, usikae humo, kwani kila wanapoamshwa huteketeza mafuta ambayo hawana pa kuyapata hadi majira ya kuchipua.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ikamilike kabla ya kumgusa popo yeyote. Mwaka 1985 mtafiti wa popo alifariki nchini Finland kwa virusi vya jamii hiyo.