Kwaya yenu isiishie mstari wa 37

SWALI: Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama wa kwaya katika usharika mmoja wa Iringa. Tuna wimbo uliotungwa kutoka Zaburi ya 89, tunauimba tangu nikiwa msichana. Unaanza na "Fadhili za Bwana nitaziimba milele" na unaishia pale kiti cha Daudi kinapofananishwa na jua na mwezi. Mwezi uliopita mwalimu wetu mpya wa kwaya, kijana tu, alitusomea zaburi nzima. Tukafika mahali ambapo Mungu anaambiwa usoni kwamba amelitupa agano lake. Wazee wawili walikasirika wakatoka. Mimi sikulala. Je, Mungu aliahidi ufalme wa milele halafu akauvunja? Na wimbo wetu tuuache? (Mama wa kwaya, Iringa)

JIBU: Marahaba, mama yangu. Kwanza nisalimie huyo kijana, na uwaambie wale wazee warudi mazoezini. Hakuwakosea. Nilifundisha Kiebrania miaka 23 kabla ya kustaafu, na kama kuna zaburi niliyotamani wanakwaya waifikishe mwisho, ni hiyo ya 89.

Ahadi yenyewe haikuanzia kwenye wimbo. Iko katika 2 Samweli 7. Daudi amekaa katika nyumba ya mierezi, anaona aibu kwamba sanduku la Mungu liko hemani, anataka kumjengea Mungu nyumba. Usiku neno linamjia nabii Nathani, na maana yake ni hii: si wewe utakayenijengea nyumba, mimi ndiye nitakayekujengea wewe. Kiebrania kinasema bayit, na bayit ni jengo na pia ni ukoo. Wazungu wengi huhitaji maelezo marefu hapo. Sisi hatuhitaji, kwa sababu tunaposema "watu wa nyumba ya fulani" hatuzungumzii matofali, na watu wa pwani wakisema "mlango" wa fulani hawazungumzii mbao. Na jina hilo halikubaki kwa waimbaji wa Yerusalemu peke yao. Mwaka 1993, huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli, kilichimbuliwa kipande cha jiwe la karne ya 9 KK chenye maandishi ya Kiaramu. Mfalme aliyeagiza yaandikwe anajisifu kwa kuwapiga wafalme wa jirani, na mmoja anamwita wa "Nyumba ya Daudi". Hata adui alilijua jina hilo.

Sasa mtunzi wa Zaburi ya 89 anaichukua ahadi hiyo na kuifanya ushairi, kuanzia mstari wa 19 mpaka wa 37. Anayesema humo ni Mungu mwenyewe. Nimempata Daudi, nimempaka mafuta yangu matakatifu. Halafu linakuja jambo ambalo naomba ulisome polepole, mistari ya 30 hadi 33: wanawe wakiiacha sheria yangu, nitawaadhibu kwa fimbo, lakini fadhili zangu sitamwondolea. Fimbo ipo, ila nyumba haivunjwi.

Maneno ya namna hiyo watu wa zama zile waliyajua. Katika nchi ambayo leo ni Uturuki walikuwapo wafalme wa Wahiti, na katika karne ya 13 KK mmoja wao alifanya mapatano na mtawala aliye chini yake, jina lake Ulmi-Teshub. Kwa ufupi yanasema: mwanao au mjukuu wako akinifanyia uasi, nitamhoji na kumwadhibu, lakini nyumba yako na nchi yako hazitatoka mikononi mwa uzao wako. Mama, hiyo ni hati. Waliosikia Zaburi ya 89 ikiimbwa walisikia Mungu akiweka muhuri kwenye hati ya namna hiyo, na jua na mwezi ndio mashahidi waliotia sahihi. Ndiyo maana wimbo wenu ni mtamu. Mimi pia naupenda mwisho wake.

Lakini sio mwisho. Baada ya mstari wa 37 kuna neno dogo, Sela, linalodhaniwa kuwa alama ya waimbaji kutulia kidogo, ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, mwalimu wetu wa Kiebrania alitusomea zaburi hii kwa sauti, na alipofika kwenye Sela hiyo akafunga kitabu. Akatuangalia. Tulikaa kimya hadi viti vikaanza kulia. Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati. Ndipo akafungua tena na kusoma maneno mawili ya kwanza ya mstari wa 38, ve-atta zanahta: "Lakini wewe umetupa." Hakunyanyua sauti. Miaka 40 imepita na sijapata kuisoma Sela ile bila kusimama.

Kinachofuata ni mashtaka, na anayeshtakiwa ni yule yule aliyekuwa anasema kabla ya kimya. Umemkataa masihi wako (yaani mpakwa mafuta, mfalme aliyeko kitini), umelitupa taji lake mavumbini, umebomoa kuta zake, kila mpita njia anamteka nyara, umezifupisha siku za ujana wake. Babeli iliiangusha Yerusalemu mwaka 586 KK, wengine huhesabu 587. Mfalme Sedekia alishuhudia wanawe wakiuawa, kisha yeye mwenyewe akatobolewa macho. Hata hivyo, nikisoma ule mstari wa ujana uliofupishwa, mimi humwaza Yehoyakini. Alikuwa na miaka 18 alipotawazwa, akatawala miezi 3, akachukuliwa mateka mwaka 597 KK. Vibao vya udongo vya Babeli vimehifadhi hesabu ya mafuta aliyokuwa akigawiwa huko, yeye na wanawe 5, na humo bado anaandikwa kama mfalme wa Yuda. Mpakwa mafuta wa Bwana, mafuta yake anapimiwa na karani wa ghala.

Kwa hiyo, Mungu alivunja ahadi? Angalia mtunzi anavyofanya. Zaburi hii ina nguzo mbili, neno hesed ambalo Biblia zetu husema fadhili, na neno emuna, uaminifu. Kila moja linatokea mara 7. Mstari wa 1 unayo yote mawili, yakisifiwa. Mara ya mwisho yanakutana tena mstari wa 49, nami natafsiri mwenyewe: "Ziko wapi fadhili zako za mwanzo, ee Bwana, ulizomwapia Daudi kwa uaminifu wako?" Ni maneno yale yale ya sifa, sasa yamegeuzwa swali. Mtu huyu hakusema kwamba ahadi ilieleweka vibaya, wala kwamba Daudi alijitungia. Amekwenda na hati mkononi hadi mlangoni kwa aliyeiandika, akaikunjua, akamwambia soma hapa. Angekuwa amekata tamaa asingekwenda. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya ahadi ya ufalme katika zaburi: ni neno analopewa binadamu ili aweze kumshika nalo Mungu, siku ambayo kiti kimepinduka. Swali lako kwa hiyo si utovu wa imani. Liko ndani ya zaburi, liliimbwa na Walawi kabla yako.

Majibu yalikuja baadaye, na si kwa njia moja. Isaya 55:3 inachukua zile fadhili za Daudi na kuziahidi kwa "ninyi", wengi, taifa zima lililo uhamishoni. Wayahudi mpaka leo, katika sala yao ya kila siku, humwomba Mungu achipushe chipukizi la Daudi. Mimi nasimama na Luka 1:32, ambapo malaika anamwambia Mariamu kwamba mwanawe atapewa kiti cha Daudi, na nitakufa nikiamini hivyo. Ila sitaki tukimbilie Luka kabla ya kuwasikiliza wale waliosimama kwenye magofu bila Luka mkononi.

Wimbo wenu msiuache. Uimbeni kama mlivyozoea hadi mwezi, kisha nyamazeni, kinanda nacho kinyamaze, mpaka watu waanze kujiuliza kama mmesahau. Halafu mtu mmoja wa besi aingie peke yake, "Lakini wewe." Msitunge ubeti wa furaha wa kufunika. Mstari wa 52, "Na ahimidiwe Bwana milele, Amina na Amina," ni wa kufunga kitabu cha tatu cha Zaburi, kama vile 41:13 inavyofunga cha kwanza. Huo waimbe watu wote waliomo kanisani, sio kwaya.

SWALI: Bwana asifiwe, mchungaji. Nabii mmoja aliniambia Zaburi 2:8, "Niombe, nami nitakupa mataifa kuwa urithi wako," ni ahadi yangu binafsi ya utawala katika biashara. Nilipanda mbegu ya shilingi 40,000. Duka langu la vipuri lilifungwa miezi 5 baadaye. Je, nilipungukiwa imani? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Amina, ndugu yangu. Hapana, hukupungukiwa. Uliuziwa shamba la mtu mwingine.

Zaburi ya 2 inamsemesha mtu mmoja, mfalme, siku anayosimikwa juu ya Sayuni. Na ufalme anaoahidiwa una kazi ndani yake. Soma Zaburi ya 72: mfalme huyo anamwokoa mhitaji anapolia, na damu ya maskini ina thamani machoni pake. Soma 132:12, ambapo mlango wa ahadi umewekewa "kama": kama wanao wakilishika agano langu. Aliyekusomea mstari wa 8 hakukusomea wa 10, unaowaonya wafalme wawe na akili. Zaburi ya 110 nayo hupenda kunyofolewa hivyo hivyo, "adui zako chini ya miguu yako". Hiyo ni picha ya majumba ya kifalme ya wakati ule. Katika kaburi la Tutankhamun kule Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, kilikutwa kibao cha kuwekea miguu kilichochorwa mateka waliofungwa. Adui wa mfalme ni yule aliyekuja na jeshi. Mwenye duka la jirani anayeuza vipuri kwa bei nafuu si adui wa zaburi.

Inaniuma kwamba umekaa muda wote huo ukijilaumu. Aliyeipokea hiyo 40,000 ana deni kwako, na kumdai si dhambi.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, gazeti hili husoma kwa jirani yangu. Zaburi ya 2 inasema "mimi leo nimekuzaa." Wayahudi waliamini Mungu anazaa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu, na umsalimie jirani. Hapana, hawakuamini hivyo. Tazama neno "leo". Anayeambiwa ni mtu mzima, baba na mama yake wanajulikana, na mstari wenyewe unaliita tamko hilo amri. Farao wa Misri alijiita mwana wa mungu kwa kuzaliwa. Mfalme wa Yerusalemu aliitwa mwana kwa tangazo, siku anapokalia kiti, kufuatana na 2 Samweli 7:14: nitakuwa baba yake, naye atakuwa mwanangu. Sisi Wakristo tunapousoma mstari huo juu ya Yesu tunasema zaidi ya hapo, na najua hapo ndipo njia zetu zinapoachana. Lakini umeniuliza juu ya waimbaji wa kwanza.

Zaburi ya 89 inaonyesha wazi zaidi. Yese aliwapitisha wanawe 7 mbele ya Samweli, na Daudi, aliyekuwa malishoni na kondoo, ndiye aliyeletwa mwisho. Alikuwa kitinda mimba. Na katika mstari wa 27 Mungu anasema juu yake: nitamfanya kifungua mimba.