Anakohoa na kupumua mbio: je, ni nimonia?

SWALI: Daktari, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anakohoa siku ya tatu na anapumua harakaharaka. Nilimpa antibiotiki iliyobaki ya dada yake, homa ikashuka. Niendelee nayo?

JIBU: Hapana, mama. Mpeleke kituo cha afya leo, na hiyo chupa uende nayo waione. Homa kushuka hakutoshi kunituliza.

Mimi nikimpokea mtoto kama wako, stethoskopu husubiri kwanza. Namwomba mama ampakate, ampandishe fulana, nami nahesabu pumzi dakika nzima kwa saa, mtoto akiwa ametulia. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Kisha natazama chini ya mbavu: pakibonyea anapovuta pumzi, mapafu yanahangaika. Eksirei si lazima kila mara.

Ikiwa ni nimonia ya bakteria, mara nyingi tunaanza na amoksilini, kipimo kikifuata uzito wake, si wa dada yake. Amalize dozi yote.

Akishindwa kunywa, akipata degedege, au midomo ikigeuka bluu, usingoje kupambazuke.